Kitako Nilichochagua kwa Woga

Asubuhi tuliyoamua kuwaua nguruwe, tulimkuta mbuzi jike amesimama kwenye kona ya zizi, damu imemkaukia miguuni, anaita. Alikuwa amezaa mapacha. Nguruwe mwitu walikuwa wamepenya chini ya waya na kuwala wale watoto wakiwa bado wana unyevunyevu wa tumboni. Kwenye majani zilibaki kwato tatu ndogo, laini kama ukucha wa mtoto, na kipande cha sikio. Mama yao alikuwa akilinusa lile sikio, anaita, analinusa tena.

Nesi alisimama kando yangu, mikono ndani ya mifuko ya koti. Kisha akasema, "Dada, hawa watanitambua."

Huyo nesi alikuwa Mkenya, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliishi Mansfield, Texas, na alikuwa amenunua kipande cha ardhi kusini zaidi, mahali ambapo nyumba zinaisha na malisho yanaanza. Tulikutana kwenye duka la vyakula vya kwetu huko Fort Worth. Mimi nilikuwa nikimlalamikia mwenye duka kwamba nyama aliyoniuzia si ya mbuzi, ni ya kondoo. Nesi akanigeukia akauliza nimejuaje bila kuionja. Nikamwambia nimezaliwa Burundi, nimekulia kambini Tanzania, na kote huko nilichunga mbuzi. Akachukua namba yangu papo hapo. Siku za kazi nilifua mashuka hotelini. Jumapili jioni, baada ya misa, na siku zangu za mapumziko, nikawa mchungaji wake.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu, mfuga ng'ombe. Alipoziona zile kwato, alirudi na mtego juu ya trela: tundu la nyavu za chuma, refu kama pikapu, lenye mlango unaoanguka mnyama akikanyaga ndani. Alitueleza namna ya kumalizia kazi. Hakuna haja ya bunduki kubwa, alisema. Ile ya risasi ndogo, ambayo watu huku huwapa watoto wao kujifunzia shabaha, inatosha kabisa mradi uko karibu. Msubiri atulie, akasema, na umpige kati ya jicho na sikio.

Nesi akanunua bunduki hiyo wiki ileile. Kitako chake, ile sehemu ya kuegemeza begani, kilikuwa cha mbao, kizuri kukitazama.

Mara ya kwanza tulinasa jike na watoto wake watano. Nilidhani nimezoea damu; kuku na mbuzi nimechinja tangu nikiwa msichana. Lakini mbuzi unamshika, unamlaza, anakuamini mpaka dakika ya mwisho. Hawa walikuwa wakijirusha kwenye nyavu mpaka pua zinachanika. Nesi alipompiga yule jike, watoto walipanda juu ya mwili wake huku wakipiga kelele kama watu, na kila aliyeanguka wengine walimkanyaga. Alipiga mpaka kukawa kimya.

"Mimi nimeona mabaya kuliko haya hospitali," alisema, akifuta jasho. "Na huko hakuna mtu aliyekula mtoto wa mwenzake."

Nyama alichukua mzee. Nesi ni Msabato, nguruwe hamgusi hata kwa fimbo, na mimi siku ile nisingeweza kumeza hata maji.

Tatizo la kitako lilianza taratibu. Kwenda kwenye mtego tulitumia kigari kidogo cha shambani, cha viti viwili, kisicho na paa wala mahali pa kuweka chochote. Bunduki ilikaa katikati ya magoti yetu, mtutu juu, ikigonga usukani kila tulipoingia shimoni. Siku moja ilidondoka, mtutu ukachimba tope. Mzee alipouona alishtuka. Akatuambia tungepiga hivyohivyo, ungeweza kutupasukia usoni. Zaidi ya hayo, kile kitako kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume mwenye mikono mirefu. Nesi alilazimika kunyoosha shingo kama kobe ili aone shabaha. Mimi ndiye sikuweza kabisa, kwa sababu ya mfupa wangu wa begani.

"Tuweke kitako cha kukunja," nesi akasema. "Watu wanaviuza. Unatoa hiki cha mbao, unafunga kingine. Ukiwa ndani ya gari unakikunja, ukishuka unakifungua. Na vingine vinarefushwa na kufupishwa."

"Nunua chochote," nikamwambia, "ila si hicho."

"Kwa nini?"

"Sikipendi tu."

Akaniangalia kwa jicho lake la kazini. Alikuwa ameshaniuliza zamani kuhusu mtulinga wangu wa kulia, mfupa wa kati ya shingo na bega, ambao una kinundu na umeinama kama tawi. Aliuona siku niliyovua sweta nikipakia majani. "Huu ulivunjika na haukuwekwa sawa. Ulianguka?" aliuliza wakati ule. Nilimjibu ndiyo, nilianguka.

Sasa, tukiwa tumekaa kwenye kile kigari, nikamwambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa njiani, mama yangu, mimi na mdogo wangu aliyekuwa mgongoni kwa mama, tukielekea mpakani na watu wengine wa kilimani kwetu. Watu wenye bunduki walitusimamisha. Sitasema walikuwa wa upande gani. Kwetu kila upande ulikuwa na njia yake na watu wake wa kusimamishwa. Mmoja wao alikuwa na bunduki ya kitako cha chuma chembamba, fremu tupu, imekunjwa chini ya bunduki yenyewe. Alimwuliza mama swali. Mama alijibu. Jibu halikumpendeza. Akakifungua kile kitako taratibu, akakikaza, kama mtu anayefungua mwavuli, akaigeuza bunduki na kumpiga nacho mdomoni. Nilisikia meno. Mama akapiga magoti, na yule mtu akampiga tena, safari hii kwenye paji la uso. Mimi nilijirusha katikati ili nimfikie mdogo wangu, na pigo la tatu likanipata mimi, hapa.

Mama hakuinuka. Nilimfungua mdogo wangu mgongoni mwake kwa mkono mmoja, na watu wakanivuta twende. Hayo ndiyo yalikuwa maziko yake.

Nesi hakunikumbatia. Hakusema pole. Alisema, "Huyo mtu alikupiga na chuma. Kingekuwa mbao angekupiga na mbao."

"Najua."

"Basi utachagua wewe. Mimi sitachagua. Kile utaweza kuangalia, hicho ndio tutabeba."

Nafasi ilipatikana Houston. Binamu yake alikuwa amehamia nyumba mpya huko Katy, pembeni mwa jiji hilo, na akatualika kwenye maombi ya kuifungua. Jumamosi yote ilikuwa Sabato yake, tukaimba na kula. Jumapili mchana, badala ya kushika barabara ya kurudi, akakunja kuelekea ukumbi mmoja mkubwa ambako bunduki na vifaa vyake vilikuwa vimepangwa juu ya meza, safu baada ya safu. Mimi nilikuwa nimekosa misa na niliona kama Mungu ameniona nikiingia pale.

Nilihesabiwa kwa macho na kila mtu. Wanawake wawili weusi, mmoja na hijabu? La, kilikuwa kilemba changu cha kitenge tu, lakini nilimsikia bwana mmoja akimwuliza mwenzake hivyo. Nesi akamsalimia yule bwana kwa sauti kubwa mpaka akaona haya.

Muuzaji wa vitako alikuwa mama mnene aliyevaa miwani ya kusomea kwenye kamba. Nesi alimwonyesha picha ya bunduki yetu kwenye simu. Yule mama akatoa vitatu vinavyoingia. Cha kwanza kilikuwa cha chuma, chembamba, fremu tupu. Sikukitazama zaidi ya mara moja. Nilihisi ufizi wangu unauma. Cha pili kilikuwa kizito mno, kama cha kivita. Cha tatu kilikuwa cha plastiki nyeusi, kinene, kimejaa, hakifanani na kitu chochote nilichowahi kukiona kwetu. Kilikunjika kuelekea kushoto na kulala ubavuni mwa bunduki kama kisu cha kukunja.

"Hiki," nikasema.

Yule mama akakichukua, akakikunja na kukifungua. "Ni chepesi," alisema kwa Kiingereza, polepole ili nimwelewe. "Lakini bawaba yake pia ni ya plastiki. Hiki cha chuma kitadumu mpaka kikuzike wewe. Ukichukua hicho, uwe unaangalia skrubu na kile kitufe cha kukazia. Kikianza kucheza, acha kukitumia."

Nesi akaniuliza kwa Kiswahili, "Umesikia vile amesema?"

"Nimesikia."

"Na una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mzee jirani alitusaidia kukifunga mezani kwake, na miezi kadhaa kilifanya kazi vizuri. Bunduki ilikaa miguuni mwetu ikiwa fupi kama mwavuli. Nesi alikuwa haumii shingo tena. Tuliua wengi. Nilianza hata kuwasubiri, lazima niseme hivyo, nilianza kutamani kuukuta mlango wa mtego umeanguka.

Kisha, mwanzoni mwa 2019, nikakisikia kinacheza. Nilikuwa naifuta bunduki, nikaona kitako kinayumba kidogo kwenye bawaba. Nikakaza skrubu. Siku chache baadaye kikayumba tena, na kile kitufe kikawa hakirudi chote. Nikakaza tena. Sikumwambia nesi. Kama ningemwambia, tungerudi kwenye zile meza, na pale mezani kilichobaki kilikuwa cha chuma. Nilijiambia bado kinashika. Wiki mbili nilijiambia hivyo.

Ile Jumapili alasiri tulimkuta dume ndani ya mtego, mkubwa kuliko wote tuliowahi kunasa, mweusi, meno yametoka nje ya mdomo kama vidole vilivyopinda. Alikuwa ameupiga mlango muda mrefu. Chuma kilikuwa kimeinama na damu ya pua yake imetapakaa kila mahali. Nesi alishuka, akafungua kitako, akasogea. Mimi nilishuka na ile nondo tuliyotumia kuinulia mlango.

Yule dume alirudi nyuma mpaka mwisho wa tundu, akaja kwa nguvu zake zote, na mlango ukang'oka.

Nesi hakukimbia. Aliinua bunduki na kuisukuma begani, na kitako kikakengeuka kushoto. Niliona kwa macho yangu. Kilikunjika kama mkono wa mtu aliyelala, bunduki ikainama, risasi ikaingia ardhini. Dume akampiga kwenye paja, akamwinua, akamwangusha chali. Yule mnyama alikuwa akitikisa kichwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kila alipotikisa suruali ilichanika, na chini ya suruali, nyama. Nesi alikunja mikono kufunika shingo. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele.

Nilimpiga yule mnyama mgongoni na nondo. Ilikuwa kama kupiga gogo. Nikampiga puani, akanigeukia, nikarukia juu ya kigari, naye akarudi kwa nesi na kumchana mkono. Hapo sikumbuki kufikiri. Niliruka chini, nikaokota bunduki. Kitako kilikuwa kinaning'inia na kunigonga kifundo cha mkono. Nikaukandamiza mtutu nyuma ya sikio la yule dume mpaka ukazama kwenye manyoya, nikafyatua. Nikafyatua tena. Aliteleza akapiga magoti, akajaribu kuinuka, nikafyatua mpaka risasi zikaisha, na zilipoisha nikachukua nondo nikampiga usoni, nikampiga, nikampiga mpaka uso haukuwa uso tena. Mzee jirani aliniambia baadaye kwamba yule dume alikuwa amekufa kwa risasi ya pili.

"Wacha huyo," nilisikia nesi akisema. "Dada! Wacha huyo. Kuja hapa."

Damu ilikuwa inatoka kwenye paja lake kwa kuruka. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Toa kilemba. Funga hapa, juu. Hapana, juu zaidi. Kaza. Kaza zaidi, usinihurumie. Sasa tafuta kijiti, weka kwa hiyo fundo, zungusha. Zungusha! Usiangalie uso yangu, angalia mguu. Imesimama?"

"Imesimama."

"Sawa. Piga simu. Sema ni mshipa mkubwa. Waambie ni saa ngapi umefunga."

Nilikishika kile kijiti mpaka ambulansi ilipokuja, na walipofika ilibidi wanibandue vidole kimoja kimoja.

Walimshona kwa muda mrefu. Siku ya tatu waliniruhusu kumwona. Alikuwa ameketi, mguu umefungwa, mkono umefungwa, anamkosoa nesi mwenzake namna alivyoweka dripu. Alipoachwa peke yake nikamwambia. Sikutafuta maneno.

"Kile kitako kilikuwa kinacheza. Nilijua."

"Ulijua?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

Akanitazama. Uso wake haukubadilika. "Toka," akasema.

Nilitoka. Lakini mbuzi hawajui mambo ya ugomvi, wanataka maji, kwa hiyo niliendelea kwenda. Nilifunga mtego. Nikazungusha waya wa pili chini ya ua, nikaufukia ardhini, mikono ikachubuka. Kwa miezi mitatu tulizungumza kwa ujumbe wa simu tu. "Maji?" "Tayari." "Yule mwenye mimba?" "Amezaa mmoja, mzima." Hakujibu zaidi ya hapo, wala sikuomba msamaha kwa simu, niliona ni dharau.

Siku moja ya mwezi wa tano nilisikia gari lake. Alishuka na fimbo ya kutembelea. Alizunguka zizi zima akichechemea, akautazama waya mpya, akaupiga teke kwa mguu mzima. Kisha akaja mbele yangu.

"Nilikasirika," alisema. "Bado nimekasirika. Siyo juu ya mguu. Mguu ni nyama. Ni vile ulinyamaza. Mimi nikiwa na mgonjwa, na mwenzangu ajue dawa ni mbaya anyamaze, huyo mgonjwa anakufa. Unaelewa?"

"Naelewa. Nilikosa, dada."

"Ingia kwa gari. Tunaenda kuchagua ingine."

Tulienda duka moja Fort Worth. Muuzaji alileta kile cha chuma, fremu tupu, akakilaza kwenye kaunta. Nesi alirudi nyuma hatua mbili, akajiegemeza kwenye fimbo yake.

Nikakishika. Kilikuwa baridi. Shingo yangu ililowa jasho na nikasikia yale meno ya mama yangu, kama siku ile, karibu kabisa na sikio. Sikukiweka chini. Nilikikunja, nikakifungua. Nikakikunja tena. Nilisukuma ubavuni kwa kiganja, kisha kwa uzito wangu wote, kuona kama bawaba inalegea. Haikulegea. Nilibonyeza kitufe, kigumu, kinarudi chote. Niliuliza kama kinajikaza kikiwa kimekunjwa pia au kinaning'inia. Muuzaji akanionyesha kinajikaza pande zote mbili. Nikauliza kuhusu urefu. Akavuta kile kipande cha nyuma, akanipimia, na nikakiweka bega la kushoto, ambako mfupa wangu ni mzima. Kilikaa. Kwa mara ya kwanza niliona shabaha bila kupinda shingo.

Nilikikunja na kukifungua mara nyingi hata yule muuzaji akaanza kutazama saa ya ukutani.

"Mwache," nesi alimwambia. "Bado anachagua."

Tangu siku ile kazi ya mtego ikawa yangu. Nesi hakuweza tena kusimama imara kwenye ardhi ya mashimo, na nadhani pia hakutaka. Nilijifunza kupiga mara moja. Ile hamu ya kuukuta mlango umeanguka haikurudi. Niliua kama ninavyofua mashuka yenye damu, kwa sababu yapo na lazima yafuliwe.

Kisha ukaja mwaka 2020, na korona. Hoteli ikawa tupu, tukaambiwa tukae nyumbani, nami nikahamia shambani kwenye trela ya nesi, kijumba cha magurudumu alichokiweka kando ya zizi. Yeye hakuja kabisa. Alikuwa hospitali siku zote, akilala kwenye chumba cha peke yake asije akawaambukiza wanawe.

Mwezi wa saba alitokea, adhuhuri, jua kali. Alisimama nje ya ua, barakoa usoni, akaniashiria nisisogee. Alipoivua kidogo ili apumue niliona mikwaruzo ya barakoa puani na mashavuni, kama mtu aliyepigwa. Ndani ya mtego kulikuwa na dume mchanga.

"Umempiga?" aliuliza.

"Bado."

"Piga basi. Mimi nitakaa."

Aliketi kwenye bampa ya gari lake. Nilifungua kitako, nikakaza, nikasogea. Nilipiga mara moja. Dume akaanguka ubavu, miguu ikakimbia hewani kidogo, ikatulia. Nilipogeuka nilimkuta nesi ameweka mikono magotini, anatazama chini.

"Jana niliwafunga watu wanne kwa mifuko ya maiti," alisema. "Mmoja alikuwa wa kwetu. Nilikuwa nimeshika simu kwa sikio lake, mke wake anaongea, na yeye ameshaenda. Sikumwambia mke wake. Nilimwacha aongee mpaka amalize."

Nikamwuliza kama amekula.

"Tangu jana, hapana."

Niliingia kwenye trela, nikampakulia ugali na maharage kwenye bakuli, nikaliweka juu ya nguzo ya ua na kurudi nyuma mpaka penye mtego. Alikuja akichechemea, akanawa kwa maji ya chupa, akala akiwa amesimama.